Mkono Usio na Mkataba

"Ng'ombe mgonjwa hanunuliwi, Mama Kassimu! Hasa ukiwa na maziwa yake yote kwenye friji!"

"Usimwite ng'ombe mtu aliyekuletea vikombe viwili vya ubingwa, Mzee Mhina. Na kaa chini. Ukisimama husikii."

Mzee Mhina hakukaa. Alikuwa mwenyekiti wa klabu ya besiboli ya Wakata Mkonge wa Korogwe, mtu mrefu mwenye sauti ya kengele ya kanisa, na tangu asubuhi alikuwa akiizunguka meza ya mikutano kama anayetafuta mlango. Upande wa pili Mama Kassimu, yaani Bi Mwantumu Shekiondo, meneja mkuu, alikuwa ametulia na viganja juu ya meza, mfano wa mama anayesubiri wali ukauke. Alikuwa amelea wavulana wanne. Kelele za mtu mzima mmoja hazikumtisha.

"Misimu mitatu, majeraha matatu," mwenyekiti aliendelea. "Kiwiko, bega, kiwiko tena. Mechi anazocheza ni chache kuliko anazotazama. Pacha wake mwenyewe anasema mkono utakatika kabla mvua za vuli hazijaisha. Wewe unataka ushahidi gani? Malaika ashuke?"

"Sijasema nataka kumsajili."

"Basi mwache aende!"

"Wala hilo sijalisema."

Hapo ndipo Mzee Mhina alipochoka kabisa, kwa maana alijua kugombana na mtu mwenye msimamo, lakini kwa mtu ambaye bado anafikiri hakujua afanye nini. Mkataba wa mrushaji wao, Twaha Singano, ulikuwa umekwisha. Alikuwa huru kwenda popote, na saa kumi na moja jioni ile usajili wa ligi ungefungwa. Neno la mwisho la kusajili lilikuwa la meneja mkuu. Halmashauri ingeweza kumfukuza kazi baadaye, ila isingeweza kumshika kidole asisajili.

Mwenyekiti alikwenda dirishani. "Njoo uone mwenyewe."

Chini, uwanja ulikuwa umefunikwa na kivuli cha kitambaa cha jua, kile kinachovuna umeme wa taa na mashine zote za klabu. Katikati, juu ya kile kilima kidogo cha udongo anaposimama mrushaji, hapakuwa na mtu. Palikuwa na nguzo, na juu ya nguzo mkono wa chuma. Mkono ulirudi nyuma, ukasita karibu na mahali ambapo mtu angekuwa na sikio, ukafyatuka. Mpira uliruka moja kwa moja kama mshale, kisha mbele ya mpigaji ukazama ghafla. Kimweri, mpigaji wao bora, alipiga hewa. Akaangalia gongo lake kana kwamba limemtukana.

Kusita kule karibu na sikio kulikuwa kwa Twaha. Kuzama kule kulikuwa kwa Twaha. Klabu nzima ilikujua kama watu wanavyojua mwendo wa jirani gizani.

"Msimu ujao sheria inaruhusu mkono wa chuma kurusha awamu mbili kila mechi," alisema mwenyekiti, na safari hii sauti yake ilishuka. "Awamu mbili za Twaha aliye mzima, bila maumivu, bila plasta. Na yeye tutampa haki yake akae nyumbani na mkono wake. Usidhani mimi sina roho, Mwantumu. Nilikuwepo siku kiwiko kilipolia. Mashine ikivunjika tunachomelea. Mtu akivunjika, mimi nitamwambia nini mkewe?"

Hilo lilimchoma Bi Mwantumu, kwa sababu lilikuwa na ukweli. Mpaka pale alikuwa akijiambia kwamba anabishana na ubahili. Kumbe alikuwa akibishana na huruma, na huruma ni ngumu zaidi kuishinda.

"Nipe mpaka kabla ya saa kumi na moja," alisema. Akachukua mtandio wake akatoka.

*

Chumba cha pacha kilikuwa chini ya jukwaa la watazamaji, baridi kama duka la nyama. Injinia Elinami Lyimo alikuwa ameajiriwa miezi michache tu nyuma, na bado alikuwa akikaa na koti.

"Nionyeshe anavyovunjika," alisema Bi Mwantumu.

"Mama, ripoti si unayo?"

"Ripoti nimesoma. Nataka kuona."

Kila mchezaji wa ligi alikuwa na pacha. Asiye na pacha hakuruhusiwa kucheza. Mtu aliingizwa kwenye chumba cha duara, akarusha mipira mpaka jasho likamtoka, na pete za mwanga zikamsoma kutoka ngozi hadi mfupa: kila ukano unaofunga msuli kwenye mfupa, kila mshipa, kila anavyopumua kabla ya kurusha. Kilichotoka si picha. Ni mwili mwingine, usioshikika, unaoishi ndani ya mashine na kuishi haraka. Kwa muda wa kuchemsha maharage, pacha alimaliza msimu mzima. Aliporudishwa mwanzo akacheza mwingine, na mwingine, na waliokuwa wakitazama wakahesabu alivunjika mara ngapi. Mazoezi ya mchezaji wa kweli yalipangwa kwa kumfuata. Pacha akichoka, mtu alipumzishwa. Pacha akiwa mzima, mtu aliongezewa kazi. Na mwili ule, ndio uliokuwa ukiuongoza mkono wa chuma kule uwanjani, ulikuwa mali ya klabu iliyoupima, hata mwenyewe akiondoka.

Kwenye ukuta alitokea Twaha, wa ukubwa wake kamili, amevaa jezi isiyo na namba. Alisita karibu na sikio, akarusha. Akageuza uso pembeni, akatema mate. Akarusha tena. Akatema tena.

Bi Mwantumu alikunja uso.

"Rudisha."

Pacha alirusha, akatema. Hakutema kama wanaume wanavyotema kwa maringo uwanjani. Yalikuwa mate madogo, ya haraka haraka, midomo imebanwa, kama mtu anayeona aibu.

"Huyu anatema kila mara?"

"Kila baada ya mrusho," alisema injinia. "Nilimkuta hivyo. Nilidhani ndiyo tabia yake. Tabia hatuiondoi, mama, ukiigusa unaharibu mizani ya mwili."

"Twaha hatemi mate. Nimemtazama misimu minane. Mwanamume yule hata ndizi akila huweka ganda mfukoni." Alisogea mpaka pua yake ikakaribia ukuta. Midomo ya pacha ilikuwa na weupe pembeni. Bi Mwantumu aliuona weupe ule akamkumbuka kitinda mimba wake, mwaka ule alioanza kufunga: mtoto kazunguka nyumba nzima kutwa akitema mate mpaka kwenye vyungu vya maua, kwa kuogopa kwamba akiyameza swaumu itabatilika. Alimwambia mara mia kwamba mate yako mwenyewe hayafunguzi. Mtoto akamjibu, heri nusu shari.

"Elinami. Huyu alipimwa lini?"

Injinia aligusa ukuta, akataja tarehe.

Bi Mwantumu hakuhitaji kalenda. Ule ndio mwaka ambao shemeji yake aliungua kwa mafuta ya sambusa, na watu wote wakafuturu hospitalini. "Hilo ni kumi la mwisho la Ramadhani," alisema. "Na saa?"

"Alasiri."

"Basi huyu hajala wala kunywa tangu daku."

Elinami Lyimo, binti wa Machame, Mlutheri, alimtazama meneja wake, kisha akautazama mwili ukutani unaorusha, unaotema, unaorusha. Taratibu alivua koti.

"Mama," alisema, "ukano una maji. Sehemu kubwa ni maji. Ukimpima mtu aliyekauka..."

"Endelea."

"Mashine inaamini ndivyo alivyo. Siku zote. Kila msimu niliomchezesha huyu, ameucheza hajanywa maji. Hajawahi kufika magharibi."

Bi Mwantumu akageuka kutoka ukutani. "Na mazoezi ya Twaha ndiyo yanamfuata huyu."

"Ndiyo. Huyu anachoka upesi. Kwa hiyo Twaha amekuwa akipunguziwa kazi misimu miwili sasa."

"Halafu siku ya mechi anadaiwa mkono mzima."

"Mkono ambao haukuzoeshwa. Ndiyo, mama."

"Jeraha la kwanza lilikuwa kabla ya pacha huyu. Mawili yaliyofuata ni baada yake." Bi Mwantumu alijifunga mtandio kiunoni. "Mwongezee maji."

"Haiwezekani. Huyu si sufuria. Lazima mwenyewe apimwe upya, na kwa vile hana mkataba, lazima akubali."

*

Twaha Singano alikuwa chumba cha kubadilishia nguo, akitoa viatu vyake kwenye kabati na kuvipanga ndani ya mfuko wa mkonge. Mpana wa mabega, ndevu zimeanza mvi mbili tatu. Alipomwona meneja hakuacha kupanga.

"Shikamoo, mama. Umekuja kunifukuza au kunipa pole?"

"Marahaba. Sina nafasi ya vyote viwili. Siku uliyopimwa, ulikuwa umefunga?"

Twaha alisimama na kiatu mkononi. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyeulizwa habari za harusi ya zamani. "Kumi la mwisho kabisa. Joto lile! Nilikuwa naona nyota mchana."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nini? Mimi kufunga si jambo la kutangaza. Ligi walisema anayekosa zamu yake hachezi msimu huo. Mtaalamu wao akaniuliza, umekula chakula kizito? Nikamwambia sijala kitu. Akafurahi sana. Akasema, laiti wote wangekuwa na nidhamu kama yako."

"Maji hakuuliza?"

"Hakuuliza."

Bi Mwantumu alikaa kwenye benchi kwa kishindo. Alitaka kucheka na alitaka kumpiga mtu, na hakukuwa na wa kumpiga. Akamweleza yote: mwili uliokauka, mazoezi yaliyopunguzwa, mkono uliolelewa kama wa mtu mwenye njaa. Twaha alisikiliza bila kumkatiza. Mwishoni alikuwa amekiweka kiatu chini.

"Nilisema," alisema polepole. "Nilisema mnipe kazi zaidi. Kocha akanionyesha ubao, akasema pacha amechoka. Nikamwambia, yeye kachoka, mimi je?"

"Tulikosea. Sasa tuna nafasi ya kurekebisha. Chumba cha kupimia kiko wazi. Kunywa maji, ingia, kabla ya saa kumi na moja tutajua."

"Hapana."

"Twaha."

"Hapana, mama. Unataka nipimwe ili uniambie siku yangu ya kuvunjika? Mke wangu anajifungua mwezi wa tisa, na hata yeye kakataa kuambiwa kama ni wa kike au wa kiume. Anasema nitamjua akija." Alikunja ule mkono wa kulia, akaunyoosha. Kovu la kiwiko liling'aa. "Leo hauumi. Ukiuma, nitasema. Zaidi ya hapo hata mimi sijui, na sitaki chuma kinijulie."

"Mwenyekiti anataka upumzike. Ulipwe, ukae nyumbani, pacha arushe. Hasemi kwa ubaya."

"Najua hasemi kwa ubaya. Ndiyo maana inaniuma." Twaha alielekeza kidevu uwanjani, ambako mpira uligonga glovu ya mdakaji tena na tena. "Unasikia? Mrusho ule wa kuzama nilihangaika nao miaka. Niliupata siku niliyokuwa na homa, vidole vimelegea. Ni wangu. Sasa nikae kochini nimtazame mwingine akiwa mimi? Watoto watauliza, baba yuko wapi, nitasema yuko pale kwenye televisheni na yuko hapa na hana kazi?"

Bi Mwantumu aligeuza uso kuelekea mlio ule.

"Nikirudi, nina sharti moja," Twaha alisema. "Yule mmfute. Msimfungie kabatini. Mmfute. Sitarusha kwenye uwanja mmoja na yeye."

"Bila pacha huruhusiwi kucheza."

"Sheria inasema lazima nipimwe. Haisemi lazima klabu iuhifadhi mwili wangu milele na kuuchezesha. Nipimeni siku ya mechi ya kwanza, muone mfupa umeungana, kisha mfute. Nimeisoma sheria, mama. Mtu aliyeumia mara tatu ana muda wa kusoma."

Bi Mwantumu alimtazama kwa makini. Mbele yake alikuwa na mtu ambaye mkono wake ungeweza kukatika. Hakuna aliyejua sasa: si mashine, si mwenyekiti, si yeye. Na nyuma yake, uwanjani, alikuwa na awamu mbili za uhakika kila mechi, zisizougua, zisizozeeka. Kumchukua mmoja kulikuwa ni kumtupa mwingine. Alitafuta njia ya katikati, kama mama yeyote anavyogawa kipande cha nyama kwa watoto wawili. Haikuwepo.

"Na ukikatika?" aliuliza.

"Nitakuwa nimekatika nikiwa narusha. Hilo ni langu pia."

Alinyanyuka. "Chukua glovu yako. Viatu acha vilipo."

*

Mzee Mhina alikuwa amekaa hatimaye. Alipowaona wakiingia watatu, Bi Mwantumu mbele, Twaha na injinia nyuma, alisimama tena.

Bi Mwantumu alimweleza kwa sentensi chache, kwa maana muda uliobaki ulikuwa mdogo. Mwenyekiti alisikiliza habari ya kufunga mdomo ukiwa wazi. Alikuwa Mwanglikana wa Magila, lakini alizaliwa Tanga na alikula futari za watu kila mwaka. Hakuhitaji kufafanuliwa.

"Kwa hiyo pacha ni mwongo," alisema. "Vizuri. Basi apimwe tena."

"Amekataa. Na mimi nimekubali akatae."

"Kwa hiyo unasajili gizani!"

"Ndiyo."

"Mkono unaweza kukatika!"

"Unaweza. Sikudanganyi. Lakini mpaka asubuhi ulikuwa unajua utakatika, na ulichokijua kilikuwa kiu ya mtu. Afadhali sasa hujui kitu."

"Na mashine? Mashine inarusha vizuri, akiwa amefunga au hakufunga! Kimweri hajaigusa tangu asubuhi. Unatupa kombe, Mwantumu. Unalitupa kwa mikono yako."

"Huenda." Hakupandisha sauti. "Mzee Mhina, uliniuliza utamwambia nini mkewe. Ni swali zuri, limenisumbua kutwa. Jibu ni kwamba si lako kumwambia. Ana mume, ataambiwa na mume wake. Wewe umemhurumia Twaha mpaka umemnyang'anya kazi, na mkono, na hata lile jina linalotangazwa akirusha. Huruma ya namna hiyo mimi siitaki kwa wanangu. Sitaifanya kwa mtoto wa mwenzangu."

"Nitaitisha halmashauri. Jumatatu. Utaondoka."

"Jumatatu nitakuja nimevaa vizuri." Alivuta kibao cha usajili, kikawaka. "Twaha, kidole."

Twaha aliweka dole gumba. Bi Mwantumu akaweka la kwake. Kibao kilitoa mlio mfupi, na kwenye ukuta wa matangazo ya ligi, mbele ya klabu zote za pwani na bara, likasimama: Singano, Twaha. Mrushaji. Wakata Mkonge. Misimu miwili.

"Elinami, mfute yule."

Injinia alikuwa na kibao chake tayari, lakini vidole vilisita. "Mama, nikifuta harudi."

"Ndiyo maana ya kufuta. Fanya."

"Naomba nifanye mimi," alisema Twaha.

Elinami alimtazama meneja. Meneja aliinamisha kichwa. Twaha akapokea kibao. Ndani yake yule mwingine alikuwa akirusha, mdogo kama kidole, midomo mikavu. Twaha alimtazama kidogo, na waliokuwa karibu naye walimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Haya ndugu yangu, umetosha." Akabonyeza.

Uwanjani mkono wa chuma ulikuwa umerudi nyuma, umesita karibu na sikio lisilokuwepo. Ulibaki hapo hapo. Kimweri alisubiri, akasubiri, mwishoni akashusha gongo na kupiga kelele juu, "Vipi huko? Umeme umekatika?"

Bi Mwantumu alifungua dirisha kwa mikono miwili. Alikuwa na sauti ya mwanamke aliyewaita wavulana wanne kutoka mtoni, na aliitumia yote.

"Ng'oeni hiyo nguzo! Anakuja mwenyewe!"

Uwanja mzima ulilipuka. Wachezaji walitoka kwenye vivuli, mdakaji akavua barakoa na kuitupa juu, na wanaume watano wakakimbilia nguzo na spana kana kwamba nyumba inaungua. Walikuwa bado wakiiburuta pembeni Twaha alipotokea chini, glovu mkono wa kushoto, akitembea bila haraka. Alipanda kilima. Alisawazisha udongo kwa kisigino mahali nguzo ilipoacha shimo.

"Taratibu baba, una mwaka hujarusha!" Kimweri alimpigia kelele huku akijiweka sawa. "Nisije nikakuaibisha mbele ya bosi!"

"Ulikuwa unaaibishwa na bomba asubuhi yote," Twaha alimjibu. "Shika gongo vizuri."

Alirudi nyuma. Akasita. Akafyatuka.

Mpira ulikwenda moja kwa moja, Kimweri akauona, akautamani, akazungusha kwa nguvu zake zote, na mpira ukazama chini ya gongo na kugonga glovu ya mdakaji kwa mlio uliopanda mpaka juu dirishani.

"Straiki! Kaukosa!" alinguruma Mzee Mhina, ngumi hewani, kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.